Akiba ya Jiko Moja

"Dada Nyamizi, hebu niambie ukweli," alisema Daktari Mwandu. "Kati ya mama zako hawa wawili, nani anayekunywa dawa?"

Nyamizi alidhani daktari anamtania. Dawa ilikuwa ya Bi Kalunde, mke mkubwa wa marehemu baba yake. Jina la Bi Kalunde ndilo lililokuwa kwenye kisanduku kilichopigiliwa ukutani kwao, na kiganja cha Bi Kalunde ndicho kilichokifungua kila asubuhi kikadondosha pakiti ya unga. Bi Zaituni, mke mdogo, yule aliyemzaa Nyamizi, hakuwa na nafasi ya dawa. Kila kaya nafasi moja, ndivyo Mpango wa Akiba ulivyoamua, na redio zilikuwa zimeimba mpaka watoto wakaushika wimbo: akiba haiozi, akiba haiozi.

"Anakunywa Mama Mkubwa," alijibu. "Nani mwingine?"

Daktari alimgeuzia kioo cha mezani. Kila mzee wa Tabora aliyepita miaka sabini alivaa kikuku kinachosoma damu, awe na nafasi au asiwe nayo, na pale kiooni kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa kila kikuku. Mstari wa Bi Kalunde ulikuwa umesimama nusu ya pale ulipotakiwa. Wa Bi Zaituni, ambaye kisheria hakutakiwa hata kuionja dawa, ulikuwa umesimama pale pale.

Nyamizi aliitazama mistari ile akaelewa, na akaona aibu kwa sababu alipaswa kuwa ameelewa zamani. Wanawake wale walikuwa wakila sahani moja tangu yeye hajaota meno. Unga wa dawa unakorogwa kwenye uji, uji unamiminwa bakulini. Sasa nani katika nyumba ile angekunywa uji peke yake huku mwenzake anamtazama?

"Wanagawana," alisema.

"Wanagawana," daktari aliitikia, akavua miwani na kuyasugua macho. "Na wamewahi kukuficha?"

"Hawajanificha. Mimi ndiye sikuuliza."

Daktari akaeleza, na alieleza vizuri maana ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa mkate. Ubongo ukizeeka, alisema, unashindwa kuichoma sukari. Sukari imejaa tele kwenye damu, lakini seli hazijui tena kuitumia. Zinakufa njaa ghala limejaa. Na ubongo una askari wake, ambao kazi yao ni kufagia uchafu na kuua wadudu. Hao wakiona seli zimedhoofu wanazidhania adui na kuzishambulia. Hapo ndipo panapowaka uvimbe wa ndani, usioonekana wala kuuma, unaokula kwanza majina ya watu, halafu njia ya kurudi nyumbani, halafu watu wenyewe. Dawa ya Akiba inafanya mambo mawili. Inazifundisha seli kuchoma mafuta badala ya sukari, kama mwili unavyofanya mtu akiwa amefunga, na inawatuliza wale askari.

"Lakini lazima watulie kabisa," alisema. "Nusu dozi inawasinzisha tu. Wakizinduka, wanazinduka na hasira. Nusu kwa nusu haimtunzi hata mmoja. Ukiwaacha hivi, masika ijayo itakukuta huna mama anayekujua."

"Na akinywa mmoja?"

"Huyo atabaki. Pengine atapata na nafuu, maana kuna seli zilizolala ambazo bado hazijafa." Daktari alivaa tena miwani. "Yule mwingine atakwenda haraka kuliko kama asingeionja kabisa."

"Kwa hiyo unataka nichague."

"Mimi sijasema uchague. Nimesema hawawezi kugawana."

Madaktari wana namna yao ya kukukabidhi kisu huku wakikuapia kwamba hawajakutuma ukate. Nyamizi alimtazama mpaka daktari akainamisha kichwa na kuongeza, kwa sauti ya chini, kwamba iko rufaa. Mpango unahesabu kaya kwa jiko. Ikithibitika kwamba pale nyumbani kuna majiko mawili, basi ni kaya mbili, na nafasi mbili. Ila rufaa ni moja tu maishani. Afisa akija akakuta jiko ni moja, anaifunga dawa kwa mtu mmoja siku hiyo hiyo, na tangu hapo kisanduku hakitoi pakiti ya kwenda nayo jikoni. Mwenye nafasi ataunywa unga palepale mbele yake, na kisanduku kitasubiri mpaka kikuku kikiri kwamba umeingia damuni.

"Basi ni majiko mawili," alisema Nyamizi, akainuka.

*

Ilikuwa rahisi kusema. Mtaa mzima wa Isevya ulijua kwamba kwa akina Nyamizi jiko ni moja, na ulijua kwa nini.

Baba yake alipofariki, ndugu zake walikuja na sura za msiba na hesabu za urithi. Walijua kwamba wake wenza wakigombana nyumba inagawanyika, na nyumba ikigawanyika inauzika. Wakaanza kumpelekea huyu maneno ya yule. Siku ya tatu ya matanga Bi Kalunde akatoka uani na chungu chake, akamwita Bi Zaituni atoke na chake, na mbele ya mashemeji na majirani akakichukua chungu chake mwenyewe akakipasua chini. "Kuanzia leo jiko moja," alisema, "mpaka mtuzike." Mashemeji waliondoka bila hata kumaliza kahawa. Watu wa Isevya hawakusahau. Wasichana walioolewa ukewenza waliletwa pale kuonyeshwa namna wanawake wanavyoishi.

Basi wahesabuji wa Mpango walipopita wakiuliza nyumba hadi nyumba kuna majiko mangapi, wajanja walijibu mawili. Kuna nyumba ya mume, mke na paka iliyosajiliwa kaya mbili. Bi Kalunde alijibu kifua mbele: "Jiko moja!" Na Bi Zaituni, kutoka ndani, asije akapitwa na sifa, akadakia: "Na chungu kimoja!" Nyamizi alikuwepo. Alicheka pamoja nao. Hakuna aliyewaambia jibu lile litatumika kuhesabu nini, na hata wangeambiwa, nani anawajua wale wanawake akadhani wangejibu vingine?

"Kwa hiyo niseme nimegombana na huyu?" Bi Kalunde aliuliza Nyamizi alipowaeleza. Walikuwa wamekaa mkekani, bakuli la uji katikati yao.

"Usiseme mmegombana, Mama Mkubwa. Sema kila mtu anapika kwake."

"Si ndiyo kugombana huko!"

"Sema tu, Bi Mkubwa," alisema Bi Zaituni. "Hata hivyo wali wako siku zote una kiini. Mungu anajua nilivyovumilia."

"Na mchuzi wako je? Si maji ya kunawia yale?"

Wakacheka mpaka Bi Kalunde akashika mbavu. Nyamizi hakucheka. Aliwaeleza tena, polepole, yale ya askari wa ubongo na nusu dozi, na kwamba mmoja wao atapotea. Kicheko kikaisha. Bi Kalunde akasema, "Kama ni uongo wa kumponya Zaituni, Mungu atanisamehe. Nitasema." Bi Zaituni akaanza kulia akijifuta kwa ncha ya khanga, naye akasema yeye angesema uongo mkubwa kuliko huo kwa ajili ya Bi Mkubwa.

Afisa wa rufaa huja na miwani inayopima joto na masizi, humdanganyi kwa mawe mapya. Kwa hiyo Nyamizi alipanga mafiga matatu nyuma ya nyumba, upande wa chumba cha mama yake, na Bi Zaituni akapika pale kila siku ili mawe yaungue kweli. Walipika mbalimbali, kisha wakaingiza sufuria ndani na kula pamoja, dirisha limefungwa, kama watoto walioiba maembe.

Kilichomtisha Nyamizi ni asubuhi. Kila kulipokucha Bi Kalunde alisimama mlangoni, akauona moshi nyuma ya nyumba, akaja kumshika Nyamizi mkono. "Mbona Zaituni anapika kule? Nimemkosea nini?" Kila asubuhi Bi Zaituni alikuja kumweleza upya. Kila asubuhi aliumia upya, akaelewa upya, akakubali upya: majiko mawili, sawa, nimesikia. Ikifika alasiri maelezo yalikuwa yamekwisha kuyeyuka, na alikuwa anauliza tena. Nyamizi aliona. Alijiambia kwamba afisa atakuja asubuhi, na wao watakuwa wametoka tu kumkumbusha.

Na kweli afisa alikuja asubuhi.

*

Jina lake Nkwabi, kijana mwenye adabu. Aliwaamkia wazee shikamoo kwa kupiga goti, akakubali maji ya kunywa, akaomba radhi kabla hajavaa miwani yake. Alilitazama jiko la mbele. Alizunguka nyuma akayatazama mafiga ya Bi Zaituni, akainama, akagusa jivu kwa kidole. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea, na Nyamizi akaona kwamba huyu ni mtu anayependa kutoa habari njema na hapati nafasi mara nyingi.

"Jiko la pili ni la kweli," alisema. "Limebaki swali moja tu, la kisheria. Lazima nimuulize mkubwa wa nyumba kwa mdomo wake." Akachuchumaa mbele ya kiti cha Bi Kalunde. "Bibi yangu, hapa nyumbani mna majiko mangapi?"

Dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu Bi Zaituni amnong'oneze. Bi Kalunde alimtazama kijana yule, suruali iliyopigwa pasi, miwani, kalamu mfukoni, na Nyamizi akauona uso wa mama yake mkubwa ukibadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyesahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyekumbuka.

"Umetumwa na shemeji zangu," alisema Bi Kalunde.

"Hapana, bibi, mimi natoka..."

"Umetumwa! Nenda kawaambie mimi bado hai. Hapa jiko moja!"

"Mama Mkubwa," Nyamizi alisema, "huyu si..."

"Jiko moja, nimesema!" Bibi yule alishika fimbo yake akainuka, na kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi akazunguka nyuma ya nyumba, wote wakimfuata. Aliyaona yale mafiga. Akalisukuma la kwanza kwa fimbo likabingirika, akalisukuma la pili, sufuria ya Bi Zaituni ikapinduka na uji ukamwagikia jivuni. Bi Zaituni alimkumbatia kwa nyuma akilia, "Bi Mkubwa, kumbuka tulivyosema, nakuomba, kumbuka," na Bi Kalunde, akihema, akamgeukia na kumpangusa machozi kwa kiganja.

"Usiogope, mdogo wangu," alimwambia. "Hawatutenganishi hawa."

Dawa ile nusu ilikuwa imemwachia Bi Kalunde kitu kimoja kizima kabisa, kilicho bora kuliko vyote alivyowahi kufanya maishani, na kitu hicho ndicho kilichomwangamiza. Mtu akikuambia kwamba ubongo hauna ukatili, mpeleke Isevya.

Nkwabi alivua miwani akaishika mkononi. "Ningekuwa nimeona mimi peke yangu..." alianza, akaacha. Kilichoonwa na miwani kilikuwa kimekwisha kufika kwa wakubwa wa Mpango. "Dada, wewe ndiye msimamizi wao wote wawili kisheria. Nafasi niifunge kwa nani?"

Baadaye, kwa watu waliomuuliza, Nyamizi alikuwa na jibu safi. Alisema Bi Kalunde alikuwa ameharibika zaidi, na dawa hairudishi kilichokwisha kuungua. Alisema Bi Zaituni alikuwa amebakiwa na mengi ya kuokoa. Alisema daktari mwenyewe angeshauri hivyo. Yote kweli. Lakini pale nyuma ya nyumba, na uji unachuruzika jivuni, hakufikiria hata moja kati ya hayo. Alikuwa na hasira. Alimkasirikia bibi kizee yule na fimbo yake na kiapo chake, kwa hasira ya mtu aliyejenga kitu kikabomolewa, na hasira ni hasara.

"Mama yangu," alisema.

"Yupi?"

"Aliyenizaa."

Alilisema kwa sauti, na wote wawili walikuwa pale. Bi Kalunde, ambaye hakujaliwa mtoto, ambaye Bi Zaituni alipougua kwa mwaka mzima baada ya kujifungua alimfunga Nyamizi mgongoni akatembea naye mpaka akajua kutembea mwenyewe, alimtazama na kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wageni wakizungumza mambo yao.

"Nyamizi," alisema Bi Zaituni. "Nyamizi, usifanye hivyo."

Lakini Nyamizi alikuwa amekwisha weka kiganja kwenye kioo cha afisa.

*

Daktari Mwandu hakukosea hata kidogo, na hilo nalo lina uchungu wake. Bi Zaituni alirudi. Majina yalirudi kwanza, kisha njia za mitaa, kisha mapishi, kisha ugomvi wa zamani na nani alianza. Wauguzi wa kliniki walimwita nyota. Walimpiga picha akiwa amesimama kando ya kisanduku, na picha ikabandikwa ukutani pale kliniki, juu yake imeandikwa akiba haiozi.

Wiki za mwanzo alijaribu kugawana. Aliuficha unga shavuni akenda kuutema kwenye bakuli la mwenzake, na kisanduku kikapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Alipotishia kugoma kabisa, wakamwambia kwa upole kwamba nafasi iliyoachwa hairudi kwa kaya. Inakwenda kwa mtu wa mtaa mwingine. Akafikiri siku nzima. Kesho yake akanywa, na tangu hapo hakuacha. "Mmoja wetu lazima amjue mwenzake," alisema.

Na Bi Kalunde akaenda. Alienda haraka, kama walivyoambiwa. Alisahau mashemeji, akasahau mume, akasahau kwamba amekwisha kula. Alikuwa mpole. Nyamizi alipoingia alimfurahia kila mara, akamsifia gauni, akambusu mikono. Hakuwa na kinyongo na mtu, maana kinyongo kinataka kumbukumbu.

Bi Zaituni alikuwa nayo.

"Alivaa shati la buluu yule kijana," alimwambia Nyamizi siku moja, wakianua nguo. "Kola imechakaa kidogo upande wa kushoto. Alikuuliza 'yupi,' ukajibu 'aliyenizaa.' Bi Mkubwa alikuwa kama hapo ulipo wewe."

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa na..."

"Najua daktari alisema nini. Nakumbuka vizuri kuliko wewe." Alikunja khanga, akailainisha kwa viganja. "Ulinizawadia kichwa kizima, Nyamizi. Sasa unataka nikifanyie nini? Nisahau hilo moja?"

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekaa kimya. Huyo kijana angechagua yeye, au sheria, au shetani. Lisingetoka kwa mtoto aliyelelewa na mgongo ule." Aliinua kapu la nguo. Nyamizi alinyoosha mkono kumpokea, mama yake akapita.

Watu husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Husema bila kufikiri, harusini, ubarikioni, mtoto akipata cheti. Nyamizi alilisikia neno hilo kila alipolala mchana Jumapili na usingizi ukakataa.

Ijumaa moja alipika mwenyewe wali na nyama ya mbuzi, akauweka kwenye sinia. Aliwakuta ukumbini. Bi Zaituni alikuwa amempakata mke mwenzake kwa mkono mmoja, amemwegemeza kifuani, tayari kumlisha. Nyamizi alipiga magoti akatenga sinia, akamnawisha Bi Kalunde vidole, kimoja kimoja, kwa maji ya vuguvugu.

Bi Kalunde alimtazama kwa furaha. "Binti mzuri huyu," alisema. "Ana adabu. Mtoto wa nani?"

Nyamizi aliinua macho kwa mama yake. Alikuwa na hamu ya kulisikia jina lake mwenyewe kutoka mdomo ule. Miezi ilikuwa imepita bila kuitwa.

Bi Zaituni alimtazama usoni, macho makavu, yanaona kila kitu.

"Wako, Bi Mkubwa," alisema. "Ulimzaa wewe."

"Mimi?" Bi Kalunde alishika kifua. "Mimi nilizaa?"

"Ulizaa. Huyu huyu mmoja."

Bi Kalunde akaanza kulia. Alimvuta Nyamizi, akamshika mashavu kwa mikono yake miwili iliyolowa, akamgusa pua, nyusi, masikio, akicheka na kulia, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, ona alivyofanana nami. Nyamizi alijiacha ashikwe.

Kisha bibi yule akakumbuka adabu, kwamba mwenye furaha humuuliza na mwenzake. Akageuka.

"Na wewe, mdogo wangu? Wa kwako yuko wapi?"

"Mimi sikujaliwa mtoto," alisema Bi Zaituni, akamega tonge akalipuliza lipoe.